Hakuna Aliyemfundisha Lavenda

Jumatatu jioni, Julai. Jericho.

Baridi imekaa tangu asubuhi na jua halikujisumbua kutokea. Nimevaa soksi mbilimbili na bado vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nimekunywa chai ya tangawizi hadi tumbo linalalamika. Nina hasira. Naandika hivyo wazi kwa sababu jana nilishinda nikitabasamu mpaka mashavu yakauma, na leo sina nguvu ya kurudia.

Blogu hii husomwa na watu wachache, wengi wao walimu wenzangu wa muziki, pamoja na dada yangu aliye Kakamega. Wakisoma haya, wasome.

Jana Lavenda alitoa ushuhuda kanisani kwetu.

Kwa wasiomjua, Lavenda ni binti wa mama mmoja anayeuza samaki hapa sokoni, mtaani Jericho. Alianza kuja kwangu akiwa na miaka tisa, akiketi kwenye kiti miguu inaning'inia. Nilimfundisha sauti na piano tangu alipokuwa hajui mkono upi ni wa besi. Mwaka huu amechukuliwa na kanisa moja kubwa upande ule mwingine wa jiji, lenye kamera na taa za rangi na piano nyeusi ndefu inayong'aa kama gari la maiti. Jana alirudi nyumbani kushukuru, na mchungaji wetu akampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe!" akasema. Tukaitikia. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa kipya kichwani na kuketi benchi la tatu, ili asihangaike kunitafuta kwa macho. Ndiyo, nilijiandaa. Nilikuwa hata nimefikiria nitakavyoinuka akinitaja: nusu tu, kisha nikae upesi, nisionekane mtu wa kujipenda.

"Watu huniuliza, Lavenda, nani alikufundisha kuimba? Nani alikufundisha piano? Mimi huwaambia, hakuna! Sijawahi kukaa mbele ya mwalimu. Nililala siku moja nikiwa mtoto, nikaamka na muziki kwa mikono!"

Kanisa likalipuka. Mama yake aliruka pale alipokuwa, viatu vikabaki nyuma. Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule aliyekuwa akinigongea kwa mpini wa ufagio akisema skeli za yule mtoto, noti zilezile juu na chini, zitampasua kichwa, alisimama akipunga leso. Mtu huyu amezisikia skeli za Lavenda kuliko binadamu yeyote isipokuwa mimi. Akapaza sauti, "Amina!"

Nami nilipiga makofi.

Sijui mikono yangu iliambiwa na nani ipige makofi, lakini ilipiga.

Niseme jambo moja mapema, kabla mtu hajaniletea maneno. Hili si suala la pesa. Mama Lavenda alinilipa vizuri, na siku ambazo soko lilikuwa baya alinipa samaki mkubwa kuliko ada yenyewe, akaniparia magamba na kunikaangia. Sina lawama naye katika hilo. Wala simkatalii Mungu chake. Najua sauti ile haikutoka kwangu. Mimi nilichofanya ni kukaa naye chumba kimoja, jioni baada ya jioni, nikimwambia pumua kwa tumbo, teremsha mabega, rudia, rudia tena, hapana, rudia. Nilidhani hilo lina jina. Nilidhani linaitwa kufundisha.

Wanawake wa mtaa huu huitwa kwa majina ya watoto wao. Mama Otis, Mama Shiru, Mama Lavenda. Mimi sikuzaa, na kwa muda mrefu watu hawakujua waniite nani. Kuniita Roselida kavukavu ilikuwa kama kunikosea heshima. Kisha watoto wakaanza kuja kwangu, na mtaa mzima, hadi kondakta na muuza mboga, ukanipa jina: Mwalimu. Hilo ndilo jina langu la uzazi. Mtu akisimama mbele ya umati na kusema hajawahi kukaa mbele ya mwalimu, ananivua nguo, na wanaoshangilia ni watu wanaonisalimu kwa jina hilo kila asubuhi.

Mimi mwenyewe nilifundishwa, na naweza kumtaja aliyenifundisha.

Baba alikuwa fundi wa reli na aliimba sauti ya nne. Alikuja mjini kutoka magharibi na sanduku moja la bati, akapewa nyumba hii ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ambamo naandika sasa. Kwaya yetu iliongozwa na Mwalimu Elkana, karani mfupi wa ofisi za kanjo aliyevaa tai hata siku ya mazoezi. Aliandika ubaoni do, re, mi kwa herufi tu, d, r, m, safu nne za sauti nne, na alikuwa na fimbo ndefu ya kuonyeshea. Watu wazima waliotoka kazini na grisi kwenye kucha walisimama mbele ya ule ubao wakasoma muziki wa sauti nne bila kuona noti hata moja. Nilikuwa nimeketi sakafuni kati ya miguu ya wanaume wa besi. Nilijua kusoma sol-fa kabla ya kujua kusoma Kiswahili.

Kanisa lilikuwa na piano kuukuu ya mbao, na Mwalimu Elkana aliniruhusu niicheze baada ya mazoezi. Bawaba za kifuniko chake zilikuwa zimelegea. Wote walijua, ndiyo maana waliweka kitabu cha nyimbo kukizuia. Siku moja mtu alihitaji kitabu, akakichukua. Kifuniko kikaangukia mkono wangu wa kushoto. Kidole cha pete kilivunjika mahali pawili. Kilifungwa kwa kijiti na kitambaa, kikapona kikiwa kimenyooka na kuinuka juu kidogo, na hakijakunjika tena mpaka leo. Hakikuwahi kuvaa pete pia, lakini hiyo ni habari nyingine na sina hamu nayo.

Nilijifunza upya kwa vidole vinne. Pale mtu mwingine anapotumia cha pete, mimi huruka na cha kati au kile kidogo cha mwisho. Nilifanya mitihani, nikaipita, nikafundisha katika shule za watu wenye pesa mpaka waliposema wanataka mtu kijana. Kanisa lilipopata kinanda cha umeme lilitaka kuichoma ile piano kama kuni. Niliiomba. Iko hapa sebuleni, imechukua nafasi ya kochi. Kifuniko niliking'oa siku ile ile, sasa ni rafu ya sufuria.

Haya. Leo.

Saa tisa alasiri nilisikia mtu akibisha mlango wa jikoni. Mlango ule hufunguka uani, penye kamba za nguo, na hakuna mgeni anayeupitia. Nilifungua nikamkuta Lavenda, kofia ya sweta imemfunika mpaka nyusi, anatazama nyuma yake kama mtu aliyeiba kuku.

"Habari, Ticha. Uko peke yako?"

Niliwaza jambo moja tu: amekuja kuomba msamaha. Nakiri kwamba moyo wangu uliyeyuka hapo hapo. Nilitoa kikombe kizuri. Nilimkatia mkate. Nilikuwa tayari nimemsamehe kabla hajaketi, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi kuliko yote niliyoandika leo.

Hakuomba msamaha. Alitoa simu.

"Kuna shida, Ticha. Director wa muziki kule kanisani amenionya. Amenichukua video ya mkono, akaniuliza kama niliumia. Anasema nisiporekebisha mpaka mwisho wa mwezi, atatafuta mtu mwingine wa piano, mimi nirudi tu nyuma kwa waimbaji. Cheki."

Nikatazama. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Lavenda juu ya ile piano nyeusi, unapiga besi za wimbo wa kasi. Nikatazama tena. Sikuona kosa lolote. Nilimwambia besi iko sawa, labda anaharakisha kidogo kwenye mpito wa kwenda kiitikio.

"Si besi, Ticha. Kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho kimesimama."

Kidole chake cha pete kilikuwa juu. Vingine vinne vilikuwa vinakimbia kwenye piano na hicho kimoja kimenyooka hewani, hakigusi kitu, kimetulia kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Kila palipohitaji cha pete, mkono uliruka na cha kati au kile kidogo cha mwisho. Nilijua mruko ule. Niliuvumbua mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, na bendeji mkononi.

Nilitazama mkono wangu uliokuwa umeshika simu yake. Naye akautazama.

Huko nje mtu alikuwa anakung'uta mkeka.

Nimefundisha msichana huyu miaka yote hiyo na sikuwahi kuona. Ningeonaje? Kwangu mimi mkono wa kushoto ndivyo ulivyo. Ndivyo ninavyouona kila asubuhi nikijimiminia chai. Mtoto wa miaka tisa alikaa kando yangu akafanya nilivyofanya, mimi nikafurahi kwamba anashika haraka.

"Mimi nilidhani ndivyo inavyofanywa," Lavenda alisema polepole. "Kwani chako kiliumia? Mbona hukuwahi kuniambia?"

Hapana, sikuwahi. Alikuwa mtoto, na mimi sipendi kuhurumiwa na watoto.

Kisha nikamuuliza. Sikupanga kumuuliza, ilinitoka. Nilimwuliza, jana uliwaambia nini watu?

Hakujifanya hajui. Hilo nampa. Alizungusha kikombe mezani, akasema, "Ticha, usikasirike. Ushuhuda ni ushuhuda. Nikisema nilifundishwa, inakuwa tu ni kazi. Nani atasema amina kwa skeli?"

Nimekaa hapa nikitafuta jibu zuri la kuandika, lile ambalo mtu hulipata mgeni akishaenda, na sijalipata, kwa sababu anasema kweli. Hakuna aliyewahi kupiga kigelegele kwa sababu mtoto amerudia kitu kimoja mwaka mzima.

"Na kule wamenitangaza hivyo," akaendelea. "Kwamba ni kipawa tu. Sasa siwezi onekana nikija lesson. Ndio nimepitia nyuma. Unisaidie tu pole pole, Ticha, isijulikane. Tafadhali. Mimi sina mtu mwingine."

Hana mtu mwingine! Jana hakuwa na mtu kabisa.

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwambia kwamba akitaka somo aje saa kumi kamili, apitie mlango wa mbele, akivuka pale kwenye vibanda vya soko mama yake na wenzake wakimwona, na jirani na ufagio wake ashuhudie. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kilichotoka ni hiki:

"Njoo Jumatano. Na ubandue hizo kucha."

Amebandika kucha ndefu za waridi zenye vimetameta. Piano haipigwi na kucha za namna ile. Akacheka, akanikumbatia, akinukia marashi ya bei. Akatoka kwa kupitia kamba za nguo.

Mkate hakuugusa.

Saa kumi na moja walikuja mapacha wa Mama Shiru, wasichana wa miaka minane wanaoanza. Niliwaketisha pamoja kwenye piano, nikawaambia wapige skeli ya mkono wa kushoto, wote wawili, taratibu. Nilisimama nyuma yao na mikono yangu mfukoni.

Vidole viwili vidogo vya pete vikainuka hewani.

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta maji. Nilicheka kwanza. Nililia baadaye kidogo, si sana, nikajikaza kisabuni nikarudi. Nikawaza waliopita mikononi mwangu: yule anayepiga kinanda kwenye harusi kule mtaa wa Lucky Summer, yule aliyekwenda ughaibuni na kunitumia kadi kila Krismasi, yule aliyeacha muziki akawa mwanasheria. Pengine sasa hivi mahali fulani kuna watu wanaketi mbele ya piano wasiojuana, na wote wameinua kidole kimoja bila kujua kwa nini. Mtu mwingine angewaona angesema hawa walilelewa na mama mmoja.

Basi nitaandika nilichokuwa nikizunguka tangu mwanzo.

Lavenda anaweza kusimama mbele ya watu na kusema hakufundishwa. Kinywa ni chake. Lakini jana, alipomaliza kusema hivyo, aliketi kwenye kinanda chetu akacheza, na mkono wake ukasema kitu kingine mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyesikia, hata mimi. Kila Jumapili kule kwenye taa na kamera kidole kile kinainuka. Ni changu. Ni kitu pekee changu ambacho hawezi kukikana, na ni kilema.

Tangu mapacha waende nimeandika ujumbe wa simu mara kadhaa na kuufuta. Ujumbe ni mfupi: Lavenda, Jumatano sitakuwepo, tafuta mwalimu mwingine. Ni rahisi. Kidole kitabaki juu. Wakimrudisha nyuma kwa waimbaji, ni shauri yao. Wakimwacha kwenye piano, kitaendelea kuinuka kila wiki, nami nitawasha simu nimtazame na nitajua. Nimetamani hivyo, na bado natamani ninapoandika. Sitajisafisha hapa.

Sikuutuma. Si kwa wema, msinipe sifa hiyo. Nimejaribu kujiona nikisikiliza besi ile ikiruka pale inapotakiwa kuteleza, mwezi baada ya mwezi, nikijua naweza kuirekebisha na sikuirekebisha, na nimeona siwezi. Mwalimu Elkana angetupa fimbo chini. Mwanafunzi akikosea unamrudisha mwanzo wa mstari, hata kama amekutukana, hata kama kosa ni lako. Sijui kazi nyingine.

Tena siwezi kumwonyesha. Mkono wangu haukiwezi kitu hicho. Itabidi nimketishe, nimwambie alaze vidole vinne juu ya piano visitoke, kisha nikishike kile cha tano kwa mkono wangu wa kulia, nikishushe mimi mwenyewe, nikiinue, nikishushe, mpaka kijifunze kushuka peke yake. Itachukua majuma. Ana umri mzuri bado, kitakubali. Na mapacha nitaanza nao Ijumaa, wao itakuwa kazi ya siku chache tu.

Baridi imezidi. Nitaweka maji ya kuoga jikoni kisha nifunge mlango wa nyuma. Hapana, wa nyuma nitauacha bila komeo Jumatano, asije akasimama uani akagonga watu wakamwona.

Tukimaliza, kidole chake kitalala chini na vingine, na hakutakuwa na kitu changu mkononi mwake. Hapo ndipo ushuhuda wake utakuwa kweli.